Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo Chetu: Kyubu 96 Ambazo Hazikuvunjwa

Kwa Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,
pamoja na wajumbe wa Seneti na wa Baraza la Chuo.

YAH: MATUMIZI YA AKILI MNEMBA KATIKA UTAFITI WA UHANDISI BILA UTARATIBU WA MAADILI

Mheshimiwa,

Naomba kwa heshima uipokee barua hii, ambayo ningependelea ibaki mezani kwako kuliko kusomwa na umma. Ni mwaka wa 17 sasa nikiwa mtaalamu wa maabara ya zege katika chuo chetu, na katika muda wote huo sijawahi kulipeleka nje jambo la ndani. Nimefika hapa baada ya kuzungumza na msimamizi wa utafiti husika, kumwandikia Mkuu wa Idara, kuiandikia Kamati ya Maadili ya Utafiti, na hatimaye kuleta barua ofisini kwako na kuikumbushia mara mbili. Sitaji jina la chuo, la idara wala la mtu yeyote, kwa kuwa wanaohusika watajitambua, na kwa kuwa ninayoyalalamikia yamekwisha kuwa makubwa kuliko mtu mmoja.

Mwaka jana mashine yetu ya kuvunjia kyubu za zege, yaani vipande vya zege vya umbo la mchemraba vinavyovunjwa ili kupima nguvu yake, ilisimama kuanzia Agosti hadi mwisho wa Novemba, tukisubiri kipuri cha pampu. Miezi michache baadaye niliombwa kuhudhuria utetezi wa tasnifu moja ya Shahada ya Uzamili kuhusu kukadiria nguvu ya zege kwa kutumia akili mnemba. Tasnifu ilieleza kwamba kyubu 96 zilimwagwa na kuvunjwa katika maabara yetu, michanganyiko 16, kyubu tatu za kuvunjwa siku ya 7 na tatu siku ya 28 kwa kila mchanganyiko, na kwamba kazi hiyo ilifanyika kati ya Septemba na Novemba. Katika ukurasa wa shukrani niliona wataalamu wa maabara tumeshukuriwa kwa msaada wetu. Nilirudi maabara jioni ile nikafungua daftari la kazi ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kyubu hata moja ya mwanafunzi huyo iliyoandikwa humo.

Nimepanga malalamiko yangu kwa namba ili iwe rahisi kuyajibu moja baada ya jingine.

1. Data zilizoandikwa na programu zimeitwa data zilizopimwa.

Kyubu ya milimita 150 ina uzito wa takriban kilo 8. Kyubu 96 ni karibu kilo 780 za zege, ambazo mtu lazima azikoroge, azishindilie kwenye kalibu za chuma, azifungue kesho yake, azizamishe kwenye tangi la maji, azitoe, azipime uzito, azivunje na mwishowe abebe kifusi kukipeleka nyuma ya jengo. Kazi ya namna hiyo haiwezi kupita katika maabara yenye wataalamu watatu bila hata mmoja wetu kuiona. Tuna kalibu 30 tu, na katika miezi hiyo nyingi zilikuwa rafuni zimepakwa mafuta.

Hata hivyo, kilichonisumbua kwanza ni jedwali lenyewe la matokeo, kabla sijafungua daftari. Kila aliyewahi kuvunja kyubu anajua kwamba kyubu tatu za koroga moja, zilizomwagwa na fundi mmoja siku moja, hupishana. Moja itatoa megapaskali 27 (kipimo cha nguvu ya zege), ya pili 29, ya tatu 25 na kitu, kwa sababu hii ilishindiliwa vizuri kuliko ile, au kokoto kubwa ilikaa pembeni, au uso wa kyubu haukuwa sawasawa chini ya bamba la mashine. Katika tasnifu hiyo makundi yote 32 ya kyubu tatu yalipishana kwa chini ya nusu megapaskali. Sijawahi kuona zege la namna hiyo kwa miaka 17. Modeli, yaani programu inayojifunza kukadiria kutokana na data, iliyofunzwa kwa data hizo ikadaiwa kukadiria nguvu ya zege kwa kosa dogo kuliko tofauti ya kawaida iliyopo kati ya kyubu mbili za ndoo moja. Dai hilo peke yake lilipaswa kuwasimamisha watahini.

Mwanafunzi mwenyewe alikuja kuniona baada ya kusikia kwamba ninauliza. Alinieleza bila kuficha kuwa alikuwa amevunja kyubu chache katika maabara ya mkandarasi mmoja, muda ukamwishia, akaipa programu ya akili mnemba matokeo hayo machache na kuiagiza ijaze safu zilizobaki. Aliniambia msimamizi wake alijua. Nilipomuuliza msimamizi, jibu lake lilikuwa kwamba kuongeza data kwa kutumia modeli ni mbinu inayokubalika duniani. Ni kweli mbinu hiyo ipo, na watafiti waadilifu huitumia wakitamka wazi ni safu zipi zimepimwa na zipi zimetengenezwa, na wakiijaribu modeli yao kwa zile zilizopimwa peke yake. Kuandika "kyubu 96 zilivunjwa" pale ambapo hazikuvunjwa ni jambo lenye jina lake la siku nyingi katika sayansi, nalo ni kughushi data.

Simuoni kijana huyu kuwa ndiye chanzo cha tatizo. Mashine ilikuwa imekufa, bajeti ya kipuri ilikaa kwenye mafaili miezi mitatu, na kanuni zetu zinamtaka awe na makala iliyokubaliwa na jarida kabla ya kuhitimu. Tulimfungia mlango wa maabara tukamwachia wa mkato, na kila aliyemzunguka alikuwa na faida ya kutotazama.

2. Zege la wengine linaitwa zege letu.

Jambo hili ni la kawaida zaidi kuliko la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lenye hatari ya muda mrefu. Sehemu kubwa ya kazi za akili mnemba na zege ninazoletewa nizisome hutumia hazina moja ya data, ile iliyokusanywa na I-Cheng Yeh wa Taiwan na kutumika katika makala yake ya mwaka 1998, ambayo leo yeyote anaweza kuipakua katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha California, Irvine. Ina safu 1,030, na kila safu ina viambato saba pamoja na umri wa zege kwa siku. Ni kazi nzuri na ya heshima, na mwenye data hakumdanganya mtu. Tatizo ni sisi tunaoichukua, tukaweka neno "Tanzania" kwenye kichwa cha tasnifu, tukahitimisha kwa kuwashauri wakandarasi wa Dar es Salaam.

Viambato viwili kati ya hivyo saba ni masalia ya tanuru la chuma na majivu laini ya makaa ya mawe. Saruji zetu nyingi huchanganywa pozolana (majivu au miamba) ya volkano au mawe ya chokaa, na mchanga wetu wa pwani una matatizo yake ya chumvi ambayo safu hizo 1,030 hazina nafasi ya kuyaeleza. Joto la tangi letu la maji mwezi Januari si la Taiwan. Modeli haijui hayo yote, na haitasema kwamba haijui. Itatoa namba yenye desimali mbili na mtu ataiamini.

Lipo kosa jingine ndani ya hilo, ambalo naomba wahadhiri wetu walipe uzito. Katika data hizo mchanganyiko mmoja huonekana mara kadhaa, mara ukiwa na siku 3, mara siku 28, mara siku 90, na zipo hata safu zinazojirudia kama zilivyo. Mtafiti anapozigawa safu kwa bahati nasibu, sehemu ya kufunzia modeli na sehemu ya kuipimia, mchanganyiko uleule huangukia pande zote mbili, na modeli huulizwa mtihani ambao majibu yake imekwisha kuyaona. Mwaka 2023 Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha uchambuzi wa makosa ya jamii hiyo katika nyanja 17 za sayansi, wakionyesha kwamba yamegusa makala 294. Kwa hiyo hatuko peke yetu, lakini kuwa wengi katika kosa hakumpi mhandisi kinga anapotia sahihi.

Mheshimiwa, nalisema hili nikikumbuka tarehe 29 Machi 2013, jengo la Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 kule Kariakoo. Sisemi kwamba majengo hayo yaliangushwa na modeli ya kompyuta. Nasema kwamba katika mji huu nguvu ya zege ni habari ya uhai wa watu, na utafiti wa chuo ndio ambao mhandisi kijana huufungua anapokuwa na shaka.

3. Siri za wateja na taarifa za watu zinaingizwa katika programu zisizo zetu.

Idara yetu hufanya kazi za ushauri. Nimeona kwa macho yangu ripoti za uchimbaji wa udongo za mteja, zenye jina lake na ramani ya kiwanja chake, zikipakiwa katika programu ya mazungumzo ya bure ili ziandikiwe muhtasari. Nimeona pia picha za kamera za barabarani, zenye namba za magari na sura za abiria wa daladala, zikipakiwa kwa ajili ya mradi wa kuhesabu magari. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Katika mwaka huohuo kampuni ya Samsung ilipiga marufuku programu za aina hiyo kwa wafanyakazi wake, baada ya wahandisi wake kuingiza humo msimbo wa siri wa programu za kampuni. Chuo chetu hakina hata ukurasa mmoja wa maelekezo.

4. Makala zinatoka na jina letu bila mtu kuzisoma.

Katika tasnifu niliyoitaja nilitafuta marejeo 11 yanayohusu saruji ya pozolana. Manne hayapo popote. Waandishi ni watu wa kweli, majarida ni ya kweli, lakini makala zenyewe hazikuwahi kuandikwa. Programu hizi hutunga marejeo kwa sababu kazi yake ni kupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeo la uongo hufuata mpangilio uleule wa rejeo la kweli. Machi 2024 dunia iliona makala ya betri za lithiamu katika jarida la Surfaces and Interfaces ikianza na sentensi ambayo programu humjibu aliyeituma iandike utangulizi, na sentensi hiyo ilikuwa imepita kwa waandishi, wahakiki na wahariri. Baadaye makala hiyo ilifutwa. Sitaki siku moja jina la maabara yetu liwe juu ya ukurasa kama huo.

5. Dawa iliyopendekezwa ni mbaya kuliko ugonjwa.

Nimesikia kwamba Kurugenzi ya Shahada za Juu inafikiria kununua kigunduzi cha maandishi ya akili mnemba na kuweka kiwango ambacho tasnifu ikikivuka inakataliwa. Naomba sana jambo hili lisifanyike. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vigunduzi saba kwa insha 91 za watahiniwa wa TOEFL, mtihani wa Kiingereza, ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilihukumiwa kimakosa kuwa zimeandikwa na mashine. Julai mwaka huo kampuni ya OpenAI yenyewe iliondoa kigunduzi chake kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Wanafunzi wetu huandika Kiingereza cha darasani, cha sentensi fupi na maneno ya kawaida, na ndicho ambacho vigunduzi hivyo hukitilia shaka. Tutamwadhibu binti aliyeandika mwenyewe usiku kucha, na kijana mwenye data za kughushi na Kiingereza kilichonyooka atapita. Kigunduzi husoma maneno, wala hakijui kama kuna zege lililomwagwa.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kupewa.

Kamati ya Maadili ilinijibu kwa sentensi mbili kwamba mamlaka yake ni utafiti unaohusisha binadamu na wanyama. Nauheshimu mpaka huo kisheria, lakini nauliza ni nani basi mwenye mamlaka juu ya utafiti ambao binadamu atakuja kulala chini yake. Mkuu wa Idara aliniambia kwamba jedwali lingerekebishwa kabla ya tasnifu kuwekwa maktaba. Halikurekebishwa, na makala iliyotokana nayo imechapishwa nje ya nchi jedwali likiwa vilevile. Wengine wamenieleza kwamba sera ya taifa inaandaliwa na ni vyema tusubiri. Kukataza kuandika kipimo ambacho hakikufanyika hakuhitaji sera ya taifa; kanuni hiyo ilikuwepo kabla ya kompyuta ya kwanza kuingia chuoni. Na kuhusu uwajibikaji, Kamati ya Maadili ya Uchapishaji inayojulikana kwa kifupi cha COPE ilikwisha kutamka Februari 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi wa makala, kwa sababu haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Anayewajibika ni yule ambaye jina lake liko juu, akiwemo msimamizi.

Ipo pia hoja kwamba watu kama mimi tunaogopa teknolojia kwa kuwa itatuondolea kazi. Mimi mwenyewe natumia modeli ndogo kukadiria ni kyubu zipi za siku 7 zinaelekea kushindwa siku ya 28, ili niwahi kumwarifu mteja, na imenisaidia. Lakini siku ya 28 bado nazivunja, na namba inayoingia kwenye cheti ni ile iliyotoka kwenye mashine.

Tena hoja ya kwamba sayansi itajisahihisha yenyewe ina sharti lake. Novemba 2023 maabara ya roboti ya Berkeley, Marekani, ilitangaza kutengeneza nyenzo mpya 41 katika siku 17. Miezi michache baadaye Robert Palgrave, Leslie Schoop na wenzao walizipitia upya data hizo na kuhitimisha kwamba hakuna nyenzo mpya iliyothibitishwa. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu data za eksirei zilikuwa zimewekwa wazi. Kwetu hakuna cha kupitia upya: tasnifu ina jedwali lililonakshiwa, na faili lenye data ghafi halijulikani liko kwa nani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo yafuatayo.

Naomba kwanza iundwe kamati ya watu wasio wa idara yetu, akiwemo mtaalamu wa zege kutoka nje ya chuo, iichunguze tasnifu niliyoieleza na makala yake, na ikithibitika kwamba kyubu hazikuvunjwa, jarida liandikiwe na chuo chenyewe. Mwanafunzi apewe nafasi na vifaa vya kurudia kazi yake. Mashine sasa inafanya kazi, na niko tayari kukaa naye maabara hata siku za Jumamosi. Uchunguzi usiishie kwake ukamwacha msimamizi.

Naomba pia kila tasnifu ya uhandisi yenye vipimo iambatane na nakala za kurasa za daftari la maabara zenye tarehe na sahihi ya mtaalamu aliyekuwepo, cheti cha ugezi (uhakiki wa usahihi) wa mashine iliyotumika kwa kipindi hicho, na data ghafi ziwekwe katika hifadhi ya maktaba kabla ya siku ya utetezi. Palipotumika akili mnemba, mtafiti aeleze ni programu gani, kwa kazi gani, na ni safu zipi za data zimetoka kwake. Anayetumia data za nchi nyingine aseme hivyo kwenye kichwa cha kazi yake. Ripoti za wateja na picha za watu zisiingizwe katika programu za nje bila idhini ya maandishi.

Naomba mpango wa kununua kigunduzi usimamishwe, na fedha hizo zinunue vipuri vya akiba vya mashine ya kuvunjia kyubu pamoja na kalibu 60. Namba hii nimeihesabu: kwa wanafunzi tulio nao, kalibu 90 kwa jumla zingetosha kila mmoja amwage zege lake kwa zamu ndani ya muhula mmoja.

Na naomba kanuni ya kudai makala iliyokubaliwa na jarida kabla ya kuhitimu Shahada ya Uzamili ipelekwe Seneti ijadiliwe upya, kwa kuwa ndiyo inayowasukuma vijana kuandika kabla hawajapima.

Nitashukuru nikipata jibu la maandishi ndani ya siku 30, hata kama jibu hilo litakuwa la kunikatalia sehemu ya maombi haya na kunieleza sababu. Daftari la kazi la mwaka jana, kumbukumbu za matengenezo ya mashine na nakala za barua zangu zote nimezifungia katika kabati la maabara. Funguo ziko mbili: moja ninayo mimi, ya pili nimeikabidhi kwa Mkuu wa Idara kwa maandishi, na kamati utakayoiunda inaweza kuzichukua kumbukumbu hizo siku yoyote ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi.

Wako katika utumishi,

Mtaalamu Mwandamizi wa Maabara ya Zege,
Dar es Salaam.